Shanta Ndogo na Hikima ya Mwendo

Kijana mmoja wa Mlango Kubwa, katika Mathare, ambaye yeye na wenzake wameazimu kuupanda Mlima Longonot na kurejea siku ile ile, atuuliza ikiwa lamfaa lile begi kubwa alilolinunua sokoni Gikomba, au sharti atafute shanta ndogo ya lita 15 au 20. Habari za zipu na rangi nawaachia wauzaji. Kwani swali hili limebeba jambo la ajabu zaidi, lililochunguzwa hapa hapa Kenya, nalo lastahiki tafsili.

Mwaka 1986 Profesa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Heglund, Cavagna, Taylor na mwenzao mwingine, walitangaza katika jarida la Nature kwamba wanawake wa Kijaluo wabebao kichwani, na wa Kikuyu wabebao mgongoni kwa mkanda uliopitishwa kipajini, huweza kuchukua humusi ya uzito wa miili yao, yaani asilimia 20, pasipo kutumia nguvu zaidi ya zile wazitumiazo wakitembea mikono mitupu. Na mzigo ukivuka hapo, ndipo mwili uanzapo kudai malipo kwa kadiri ya ziada.

Sababu yake ilidhihiri mwaka 1995, na hapa ndipo moyo wangu ustarehepo. Mtazame mtoto aliye katika bembea: afikapo juu hana mwendo ila ana kimo, ashukapo kimo chote hugeuka kuwa mwendo, na apandapo upande wa pili mwendo hurudi kuwa kimo, hata baba asimamaye nyuma yake hana kazi ila kumsukuma kidogo, kufidia kile kilichopotea. Sasa ipindue bembea hiyo, kamba ziwe chini na kiti kiwe juu: kamba ndizo mguu ulionyooka, kiti ndicho kiwiliwili, na katika kila hatua kiwiliwili hupanda juu ya mguu kikipunguza mwendo, kikafika upeo wake, kisha kikaanguka mbele na kuurudisha mwendo ule ule. Kwa mtu wa kawaida nguvu irudiyo hivyo haizidi sana asilimia 65; iliyobaki hulipwa na misuli, ambayo ndiyo yule baba asukumaye. Ama wanawake wale, walipotwikwa mzigo, walirudisha sehemu kubwa zaidi kuliko walipokuwa hawana kitu: uzito uliongezeka, walakini baba hakuongeza jitihada!

Wengine huita chombo cha namna hii pendulamu. Mimi nitakiita timazi-pindu, kwa kuwa timazi mwashi anayo tangu zamani, na kusema timazi-pinduzi kungezusha shubha za siasa. Uchunguzi wa baadaye Afrika Kusini haukuikuta nafuu hiyo kwa kila mbebaji, na mlima una sheria zake, tuyapite hayo.

Turudi kwenye shanta: bembea hiyo ya mwendo yataka uzito utulie. Begi kubwa lililojaa nusu huyumba, yaliyomo hushuka na kukaa mbali na mgongo, naye mpandaji hulazimika kuinama mbele kutwa nzima ili asivutwe nyuma. Ilhali shanta ndogo iliyojaa sawasawa hukaa kama sehemu ya kiwiliwili. Maji yawekwe juu, karibu na uti wa mgongo. Lakini ukienda kukwea jabali, mathalani Fischer's Tower kule Hell's Gate, teremsha uzito kidogo, usije ukakuondoa mwambani.

Kijana wa kilo 60, humusi yake ni kilo 12. Lita 3 za maji ni kilo 3, na kwa chakula, sweta na koti la mvua hafiki kilo 6. Mlinganishe na mama wa Mathare apandishaye mtungi wa lita 20 kutoka bondeni: ili kilo 20 ziwe humusi ya mwili wake, ingempasa awe na kilo 100. Yeye hana hikima ya mwendo iwezayo kumfidia. Ahitajiacho ni mfereji karibu na mlango.

Basi, ndugu msomaji, rudi Gikomba ukatafute shanta ya lita 20 yenye mkanda wa kifuani, uijaribu mgongoni ikiwa na mzigo ndani, na uikatae ikiwa yacheza.