Nafsi, Dhati na Swali la "Mimi ni Nani?"

Mwalimu mmoja wa Mpanda ametuandikia kuomba istilahi. Anafasiri kijitabu cha Kiingereza kilichotungwa kwa ajili ya watu wa Magharibi wanaoanza kujifunza Advaita, falsafa ya Kihindi. Kila mahali ametumia "roho", na wasomaji wake wa kwanza wakaelewa kwamba kinasimulia kiumbe asiyeonekana anayemjia mtu. Si ajabu. Jina la mkoa wao, Katavi, latokana na Katabi, mzimu ambao masimulizi ya Wabende huuweka katika mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi. Aendaye mtini kuomba ni mmoja, aombwaye ni mwingine. Na utengano huo ndio hasa ukanushwao na Advaita.

Neno lenyewe, katika Kisanskriti, lina maana ya kutokuwa wawili. Wengi hulifasiri "umoja", nasi twapinga. Umoja kwetu hukusanya walio wengi, kama ule wa Mataifa. Advaita haisemi kwamba viwili vimeungana, bali kwamba havikuwa viwili tangu awali. Basi ukanushi ubaki: "kutokuwa wawili", japo istilahi yenyewe ina maneno mawili.

Ugumu mkubwa umo katika zoezi. Ramana Maharshi (1879–1950), aliyeishi Tiruvannamalai, kusini mwa India, tangu 1896, aliwaelekeza wanafunzi waulize: Mimi ni nani? Mfasiri akiandika "kujichunguza", mwanafunzi atahesabu makosa yake kabla ya kulala. Akiandika "usaili wa nafsi", mtumishi wa serikali atauliza ni nafasi gani iliyotangazwa. Zoezi hili halitafuti sifa za mtu wala historia yake. Wazo likizuka, huulizwa limemzukia nani. Jibu likiwa "mimi", mtu humgeukia huyo "mimi" mwenyewe na kutulia hapo, pasipo kutunga jibu la maneno. Ni kama mgeni afikaye kijijini akamwulizia mwenye nyumba. Kwa hiyo twapendekeza "kuulizia nafsi".

Kiswahili kina bahati hapa. Sarufi yetu huita nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu, na Ramana, katika beti zake 40 za Kitamil ziitwazo Ulladu Narpadu, alifundisha kwamba nafsi ya pili na ya tatu huwapo ikiwapo ya kwanza. Msomaji wetu halihitaji tanbihi.

Waandishi wa Kiingereza hutenganisha "mimi" anayedai na kile kibakicho dai likitoweka kwa herufi kubwa tu, ambayo sikio haliisikii. Heri tutumie maneno mawili: "nafsi" kwa la kwanza, "dhati" kwa la pili. Masufi nao hufundisha kupambana na nafsi, hivyo maana hazigongani sana. Ila "dhati" Waislamu huitumia pia kwa Mwenyezi Mungu. Mfasiri aieleze mara ya kwanza aitumiapo.

Limesalia jina la jumla la mawazo yote. "Akili" kwetu ni sifa njema mno, na "moyo" Ramana aliutumia kwa dhati yenyewe. Kwa kuwa alifundisha kwamba hakuna kitu hicho nje ya mawazo, mwalimu wetu ameshauriwa aandike "mawazo", basi.