Masomo ya jioni kwa watoto wa familia maskini: tuulize kwanza kinachokosekana



Mara mingi kati yetu mtu anauliza: «Sisi wenye diploma, tunaweza kuwafanyia nini wadogo zetu wa sekondari?» Jibu linalokuja haraka ni moja: tuwafundishe jioni, bila malipo. Hata mimi nilijibu vile, na kwa Bukavu tulianza kweli. Leo nataka kueleza namna masomo haya yanavyofanya kazi na fasi yanapokwama, juu tulianza vibaya, na kosa letu lilimpotezea binti mmoja mwaka mzima.

Hali yenyewe

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 43, inasema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima na ni ya bure kwenye shule za serikali. Tangu mwezi wa tisa 2019, neno hilo lilianza kutumika kweli, na watoto wengi waliokuwa wanakaa nyumbani wakaingia darasani. Ni jambo la kushukuru. Lakini bure hiyo inaishia shule ya msingi. Ukivuka kwenda sekondari, mzazi anarudi kulipa minervali, gharama za shule, na mwishoni gharama za kushiriki mtihani wa serikali, ule tunaoita Exetat.

Sasa fikiria kijana wa Kadutu. Darasa lake limejaa. Shule nyingi zinagawa siku mara mbili: wengine wanasoma asubuhi, wengine wanaingia mchana, kwa hiyo hakuna darasa tupu la kubakia ndani. Nyumba ni ya mbao, imebanana na zingine kwenye mlima. Chumba cha kupikia njo cha kulalia, njo cha kusomea. Jua linatua karibu saa kumi na mbili ya jioni, mwaka mzima, na umeme unakuja siku unayotaka wenyewe. Huyu kijana na mwenzake wa familia yenye uwezo watakaa mbele ya maswali yaleyale ya Exetat. Mwenzake alikuwa na meza, taa, na mwalimu wa kumfuata nyumbani.

Tofauti hiyo ndiyo masomo ya jioni yanajaribu kupunguza. Swali ni: kwa kuongeza nini?

Pipa la Liebig

Mimi ni mtu wa agronomia, mnivumilie nipite shambani kidogo.

Kuna sheria moja ambayo kila mwanafunzi wa fakulte yetu anaijua, inayobeba jina la Justus von Liebig, mkemia Mjerumani wa karne ya 19. Inasema: mmea haukui kwa kufuata kile ulicho nacho kwa wingi, unakua kwa kufuata kile kinachokosekana zaidi. Wanaichora kama pipa lenye mbao zisizolingana urefu. Mimina maji vile unataka, yatamwagika kwenye ubao ulio mfupi kuliko zote.

Kwetu Walungu jambo hili linaonekana kwa macho. Udongo wa fasi mingi kule una asidi kali. Ukimwaga mbolea ya fosfati bila kurekebisha asidi kwanza, kwa mfano kwa chokaa, udongo unaikamata ile fosfati na mizizi haiipati. Maharagwe inabaki midogo vilevile. Umetumia feza, umetoka jasho, na ubao mfupi haujaugusa.

Sisi tulifanya kosa hilohilo na watoto.

Mwaka wetu wa kwanza

Mwaka 2021 tulikuwa watu sita, wote tumetoka chuo, wengi bila kazi. Tuliomba prefe wa shule moja atuazime darasa. Tukatangaza: hesabu, fizika na kemia, mara tatu kwa wiki, kuanzia saa nane ya mchana. Siku ya kwanza walijaa mpaka dirishani. Wiki ya tatu tulihesabu watoto tisa, na kati yao wasichana wawili tu.

Tukasema yale ambayo watu husema: «Watoto wa leo hawana moyo wa kusoma.» Kwa bahati mwenzetu mmoja alikataa, akasema tuende kuwauliza. Binti mmoja finalisti wa kemia-biolojia, ambaye alikuja siku mbili tu, tulimkuta kwenye soko ya Kadutu mbele ya sinia ya sambaza. Alituambia bila haya:

«Yaya, ile saa niko nauzisha. Mama anaendaka kutafuta maji. Nikitoka hapa, usiku hatukule.»

Basi tukabadilisha saa. Siku za kazi tulianza saa kumi na kumaliza saa kumi na moja na nusu, ili kila mtu afike kwao kabla ya giza. Tukaongeza jumamosi asubuhi. Yule binti akarudi, na wengine wakarudi. Tukafurahi, tukafundisha kemia kwa nguvu. Yeye kwenye tablo alikuwa hodari. Kusawazisha mlinganyo wa kemia alikuwa anatupita hata sisi.

Exetat ilipokuja, akaanguka.

Mama yake alikuwa ametumia zamu yake ya likelemba kulipa gharama za ule mtihani. Hakutulaumu. Aliuliza tu: «Sasa mwaka kesho tutafanya aje?» Sikuwa na jibu.

Baada ya siku chache tulikaa naye, tukampa maswali ya Exetat ya miaka ya nyuma ayafanye mbele yetu, bila kumsaidia. Hapo tukaona. Swali moja liliorodhesha sifa za asidi na kusema zote ni za kweli «sauf» moja. Neno hilo la herufi nne maana yake ni isipokuwa. Yeye aliruka juu yake, akaweka alama kwenye jibu la kwanza la kweli aliloliona. Swali lingine lilikuwa na sentensi ndefu ya mistari mitatu. Akasoma mara mbili, akabahatisha. Nikamwambia swali lilelile kwa Kiswahili. Akajibu kabla sijamaliza.

Kemia aliijua. Ubao wake mfupi ulikuwa Kifaransa cha kusoma. Miezi yote ile tulikuwa tunaongeza urefu wa ubao uliokuwa mrefu tayari.

Namna tunavyofanya sasa

Tangu hapo hatufungui kikundi bila kufuata mambo haya.

1. Saa na fasi kwanza. Tunapita nyumbani na sokoni kabla ya kuandika ratiba. Tunauliza: saa gani unachota maji? Saa gani unauza? Nani anabaki na watoto wadogo? Kwa wasichana, njia ya kurudia ni sehemu ya ratiba: wanaoishi upande mmoja wanarudi pamoja, na mtu mzima mmoja anawafuata. Mzazi akijua hivyo, anaruhusu.

2. Kiwango, siyo darasa. Siku ya kwanza kila mmoja anasoma aya moja ya Kifaransa kwa sauti, anaeleza kwa Kiswahili alichoelewa, halafu anafanya hesabu chache za sehemu na asilimia. Inachukua dakika kumi. Utashangaa: kuna wa mwaka wa tatu anayekwama kwenye sehemu, na kuna wa mwaka wa kwanza anayezimaliza. Tunawagawa kwa kufuata kile wanachojua. Hatukuvumbua jambo hili. Huko India, shirika la Pratham, lililoanza Mumbai katika miaka ya 1990, limewapanga watoto wa shule ya msingi kwa njia hii, na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliopata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, ni kati ya watafiti walioipima na kuona matokeo mazuri. Sekondari ni kitu kingine, lakini pengo la shule ya msingi halijifungi lenyewe kwa sababu mtoto amevaa unifomu ya sekondari.

3. Kifaransa cha maswali. Hatufundishi sarufi yote. Kila siku tunachukua maswali matano ya mtihani. Mtoto anasoma kwa sauti, anapigia mstari neno linaloamuru, anasema kwa Kiswahili anaulizwa nini, halafu tu njo anatafuta jibu. Mwishoni anaandika kwa Kifaransa sababu ya jibu lake, sentensi moja. Wana kaye ndogo ya maneno yale: «sauf», «déduire», «énoncer», «respectivement». Kiswahili hapa siyo aibu, ni daraja. Tumeona watoto waliokaa kimya miaka mitatu wakianza kuuliza, kwa sababu wameruhusiwa kuuliza kwa lugha wanayoiotea ndoto.

4. Tumbo. Mtoto aliyekula mara moja tu, jana usiku, hataelewa logaritmi. Siku ya jumamosi mama wawili wa kikundi wanapika uji wa sosoma, ule wa mtama, soya na mahindi. Hapa agronomia yangu ilisaidia: soya ndiyo inaleta protini, na wazazi wenye kipande cha shamba nje ya mji walikubali kulima kidogo kwa ajili ya uji. Hautoshi kila siku. Lakini jumamosi wanakuja wote.

5. Walimu wa shule tuwe nao. Mwanzoni hatukuongea na titilere wa darasa hata mmoja, na baadhi yao walifikiri tunakuja kuwahukumu. Siku hizi tunawauliza wako sura gani, na mtoto gani anawasumbua akili. Tena tunachunga jambo moja: masomo ya jioni yasigeuke soko. Ikiwa kinachopaswa kufundishwa asubuhi kinafichwa ili kiuzwe jioni, maskini ameumizwa mara mbili. Kwa hiyo kwetu hakuna feza inayopokelewa, hata ya chaki.

6. Watu wachache, muda mrefu. Sisi wenye lisanse tuna moto wa wiki mbili. Tukipata kazi au safari, tunapotea, na mtoto anajifunza kwamba sisi ni watu wa kupita. Njo maana kila kikundi kina wasimamizi wawili, watoto wasiozidi kumi na watano, na ahadi ya mwaka mmoja wa shule. Asiyeweza kuahidi mwaka, anasaidia kwa fotokopi. Hiyo pia ni kazi.

Yale masomo ya jioni hayawezi

Sitaki kuwadanganya. Kijana aliyekuwa wa kwanza kwenye hesabu katika kikundi chetu alifukuzwa shuleni kwa deni, akaenda kwenye machimbo ya zahabu. Tulienda kuongea na prefe, akatupa muda, lakini muda haukuwa feza. Hatujamuona tena. Ubao wake mfupi ulikuwa minervali, na hakuna somo la jioni linaloweza kuurefusha. Hapo inabidi wazazi, komite ya shule na sisi kama chama tuongee na serikali juu ya sekondari, vile watu walivyoongea miaka mingi juu ya shule ya msingi. Na maisha ya mji wetu leo ni magumu kuliko wakati ule tulipoanza. Wengine hata kukusanyika jioni hawawezi. Huko kikundi cha watoto wanne katika nyumba ya jirani, saa nane ya mchana, kinatosha kuanza.

Yule binti alirudia darasa. Mwaka wa pili alikuwa anakuja na sinia yake tupu, anaiweka chini ya benchi, anasoma swali kwa sauti mpaka wenzake wanacheka. Alipata 53. Siyo pointi za kujivunia gazetini, lakini ana diploma ya serikali, na jumamosi anafundisha wadogo wake lile neno «sauf».

Kama uko na wazo la kufungua kikundi kwenu, Uvira, Goma, Kalemie ao Lubumbashi, usianze na ratiba. Chukua wiki moja, wafuate watoto kumi mpaka kwao, na uandike kwa kila mmoja vitu vitatu: saa yake ya bure ni gani, anasoma nini bila kusaidiwa, na nini kitamtoa shuleni kabla ya mwisho wa mwaka. Ukikwisha kuandika, tuandikie. Tutakutumia maswali tuliyoyakusanya na ile orodha ya maneno, uanze nayo.