Kanazi: Nyumba Yenye Pembe Katika Nchi ya Misonge

Anayetoka Kemondo kwenda kuitazama ikulu ya Kanazi, ambayo Wajerumani walimjengea Omukama Kahigi wa Kihanja, huvutwa kwanza na ukongwe wake na umbo lake la Kizungu. Mimi ningeanza na swali jingine: mtawala wa Kihaya alihitaji nyumba ya namna hiyo kwa ajili gani?

Ikulu ya jadi ilikuwa msonge mkubwa. Ezeko lake lilishuka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, usijue paa linaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Sakafuni zilitandazwa nyasi. Nyumba kama hiyo huishi kwa kuezekwa upya, na kila ezeko ni kazi ya watu wanaokubali kwenda rweya, yaani uwanda wa nyasi, kukata nyasi kwa ajili ya mtawala wao. Wakikataa, ikulu inavuja.

Emin Pasha, aliyekuwa akiwatumikia Wajerumani, alifika Bukoba Novemba 1890, na Wajerumani waliomfuata walikuwa wachache mno kuitawala nchi wenyewe. Kuanzia 1906 Bukoba, kama Rwanda na Burundi, iliwekwa chini ya rezidenti aliyepitisha amri zake kwa watawala wenyeji. Kahigi alikuwa mshirika wao mkubwa; walimwongezea maeneo, majirani zake wakapoteza. Ikulu ya Kanazi naiona kuwa sehemu ya mapatano hayo. Hata kwao majengo yalitumika kutangaza ukuu: jumba la makumbusho la msanifu Schinkel, lililofunguliwa Berlin mwaka 1830, limepangiwa nguzo 18 za Kigiriki upande wa mbele. Kanazi nako ukuta wa kudumu ulimwambia jirani nani yuko nyuma ya Kahigi. Na haukumwomba raia nyasi.

Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa. Cheo kikaondoka, nyumba ikabaki.

Lakini kudumu hakutokani na kuta peke yake; kwa hiyo mgeni apite kwanza Katuruka, Maruku, ambako simulizi zinaiweka ikulu ya Rugomora Mahe wa karne ya 17. Ukuta wake hata mmoja haukusalia. Lakini wazee ndio waliompeleka mwanaakiolojia Peter Schmidt kwenye mti wa Kaiija, na alipochimba hapo mwaka 1970 alikuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kumbukumbu ya watu ilikuwa imepahifadhi mahali hapo bila jiwe wala saruji.

Akishafika Kanazi na hayo kichwani, amuulize mwenyeji wake: mawe na mbao vilibebwa na nani, na waliopoteza ardhi waliitazamaje nyumba hii?