SIGIRI BORA: TUHESABU KABLA YA KUNUNUA



Kila tunapopita kufanya mikutano, katika mashamba ya chai na ya miwa na katika viwanda vya Jinja, tunaulizwa swali moja: je, hizi sigiri zinazoitwa za kuhifadhi mazingira zinamsaidia mfanyakazi kweli, au ni njia nyingine ya kumtoa shilingi mfukoni? Jibu letu ni kwamba zinaweza kusaidia, lakini hapana budi tuhesabu kwanza.

Tuanze na chombo chenyewe. Sigiri ya kawaida ni bati tupu. Moto ukiwaka, joto jingi hutokea ubavuni na kupotea bure. Sigiri bora ina bati nje na udongo uliochomwa ndani. Udongo huo huzuia joto lisitoke ubavuni, likapanda kwenye sufuria. Ndugu zetu wa Kenya walianza kuzitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakifuata mfano wa jiko la Thailand, kisha zikafika mpaka kwetu Uganda. Ikiwa imetengenezwa vizuri, inaweza kupunguza makaa kwa theluthi moja au zaidi.

Faida hiyo ni ya msitu pia. Katika tanuri la udongo, kilo moja ya makaa hula kilo tano mpaka kumi za kuni. Mwaka 2023 Rais alitoa amri ya kukataza biashara ya makaa kaskazini mwa nchi, kwa sababu miti ilikuwa inakwisha. Lakini amri peke yake haipiki posho. Mwenye familia lazima apike jioni hii.

Sasa hesabu. Bei hazifanani kila mahali, kwa hiyo tutatoa mfano tu. Kila mmoja aweke bei za kwao. Tuseme nyumba moja inatumia makaa ya shilingi 15,000 kwa wiki. Sigiri ya bati ni 10,000, sigiri bora ni 35,000. Tofauti ni 25,000. Sigiri bora ikipunguza theluthi moja ya makaa, mama wa nyumba anaokoa 5,000 kila wiki. Baada ya wiki tano tofauti imerudi, na kuanzia hapo ni faida tupu.

Lakini wangapi kati yetu wana 35,000 mkononi siku moja? Hapo ndipo mkopo unapoingia. Tuseme sigiri ile ile inauzwa kwa makato ya 5,000 kila wiki kwa wiki kumi na mbili. Sasa bei yake ni 60,000. Tofauti na ile ya bati imekuwa 50,000, na itarudi baada ya wiki kumi, si tano. Udongo ukipasuka kabla ya hapo, umepata hasara.

Hayo si maneno ya kutisha watu. Katika shamba moja tulilotembelea, sigiri ziliuzwa katika duka la kambi na bei ikakatwa kwenye mshahara. Hakuna aliyepewa bei kamili kwa maandishi. Nyingi zilipasuka mapema. Wenzetu wakarudi kwenye sigiri za bati huku makato yakiendelea. Walipolalamika waliambiwa kwamba hawajui kutunza vitu.

Tena, tusidanganywe na jina zuri. Makaa ni makaa, hata ndani ya sigiri bora. Hewa yake ya sumu haionekani wala haina harufu, nayo huua. Usiku wa baridi usiingize sigiri chumbani mlipolala mkafunga mlango.

Na kuna akiba isiyouzwa dukani. Loweka maharage tangu usiku, yataiva upesi. Funika sufuria. Chakula kikiiva, zima makaa yaliyobaki uyatumie kesho. Haya yanafaa hata kwa mwenye sigiri ya bati.

Mwisho, tusikubali mzigo wote uwekwe juu ya sufuria ya mfanyakazi. Viwanda vya chai huchoma kuni nyingi kwenye boila ili kukausha majani. Mwajiri anayetufundisha kutunza msitu, naye atuonyeshe anapanda miti mingapi na boila yake inakula kuni kiasi gani. Na nyumba za kambi zikiwekewa umeme, wengine wetu wataweza kupunguza makaa kabisa.

Kwa hiyo tunashauri hivi:

Kwanza, usinunue kabla ya kuitazama. Itikise: udongo usicheze ndani ya bati. Tafuta ufa.

Pili, uliza bei kamili, si makato ya wiki tu, na uipate kwa maandishi. Usitie sahihi karatasi ambayo hukusomewa.

Tatu, dai ahadi ya kubadilishiwa sigiri ikipasuka kabla deni halijaisha.

Nne, changeni fedha kumi kumi mnunue kwa zamu, taslimu, moja kwa moja kwa fundi. Katika mfano wetu, kila sigiri itaokoa 25,000 ya mkopo.

Mwenye tatizo la makato amwone mwakilishi wa chama mahali pake pa kazi, na aje na karatasi ya mshahara.

Umoja ni nguvu.