Rido ya mlango: kukung'uta, kufula, ao kuiacha?

Katika mitaa mingi ya Goma, rido si pambo la dirisha tu. Ndiyo mlango wenyewe mchana kutwa, wakati mlango wa mbao uko wazi. Ndiyo ukuta kati ya saloni na fasi watoto wanalala. Tena ni kitu cha kwanza mgeni anashika akiingia. Kwa hiyo vumbi la barabara linaipiga upande mmoja, moshi wa mbabula upande mwingine, na katikati, kwenye kimo cha mkono, kunabaki alama nyeusi ya vidole.

Na bado ndiyo nguo inafulwa nyuma ya zote. Sababu inajulikana: maji. Mama mwenye kungoja bidoni za maji zifike juu ya chukudu anahesabu kwanza kupika, kuoga na uniforme za watoto. Rido nzito inakunywa bidoni nzima kwa kulowekwa tu, kwa hiyo inangojea Noeli ama wageni wa ndoa. Hakuna haya katika hiyo, lakini kuna kazi inaweza kufanyika bila tone la maji.

Vumbi la Goma linatoka kwenye mawe ya volkano yanayosagwa na magari na miguu ya watu. Chembe zake ni kali, zinakata uzi. Mtu akitumbukiza rido kwenye beseni na vumbi lake lote, anapata matope, kisha akisugua ni kama anatumia msasa. Kwanza ikung'utwe nje, mbali na sufuria na mlango, pua ikifungwa kitambaa. Mtoto mwenye pumu asikae karibu. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 8, mara moja kwa juma si nyingi. Mvua ikirudi, inaweza kupunguzwa.

Masizi ya makala hayatoki kwa kukung'uta, juu yana mafuta. Hapo sabuni inahitajika. Maji ya mwisho ya kusuuza nguo zingine yasimwagwe: yanatosha kuloweka rido mara ya kwanza. Kisha sabuni ya unga, nusu saa hivi, halafu maji safi. Rido yenye rangi nzito ijaribiwe kwanza kwenye pembe na kitambaa cheupe chenye maji. Nyepesi isisokotwe, ibonyezwe tu na irudishwe kwenye waya ikiwa mbichi kidogo, uzito wake utainyoosha kuliko pasi. Ile ya zamani, iliyochomwa na jua mpaka uzi unakatika ukivuta, heri isifulwe kabisa. Itatoka kwenye beseni ikiwa vipande.

Usiku, rido iliyo karibu na mbabula ao mshumaa ifungwe fundo juu. Nyumba za mbao zinashika moto haraka.

Madoa ya kutu, yanayotoka kwenye waya, misumari ao maji ya mabati ya zamani, yanadanganya watu wengi. Wanamwaga javeli, na doa linazidi kushika. Ndimu na chumvi, kisha jua, halafu kusuuza vizuri, ndiyo dawa ya kutu kwenye kitambaa cheupe. Lakini javeli na ndimu visikutane katika beseni moja: vinatoa hewa ya sumu inayochoma mapafu.

Kuna hali moja ambapo ushauri huu wote wa kukung'uta unageuka. Ni wakati nyumba ina mgonjwa wa Mpox. Aina mpya ya ugonjwa huo ilionekana Kamituga, Kivu ya Kusini, mwaka 2023, na tarehe 14 mwezi wa 8 mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani, OMS, likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Tahadhari hiyo iliondolewa mwezi wa 9 mwaka 2025, lakini kuiondoa si kusema ugonjwa umeisha. Virusi vinakaa kwenye magamba ya vidonda, na magamba yanashika kwenye nguo. Mtu akikung'uta rido ya chumba cha mgonjwa, anayarusha hewani na juu ya uso wake mwenyewe.

Rido hiyo iteremshwe polepole, ikunjwe upande mchafu ukiwa ndani, mikono ikiwa na glavu ao mfuko wa plastiki. Ifulwe peke yake, kwa maji ya moto na sabuni, na ianikwe kwenye jua. Kazi hiyo isipewe mtoto wala mama mjamzito, kwa kuwa Mpox inawaumiza zaidi. Aliyefula anawe mikono kwa sabuni hata kama alivaa glavu. Kama maji hayatoshi siku ile, ikae ndani ya mfuko uliofungwa, na mlangoni itundikwe kitenge cha zamani, ambacho nusu bidoni inatosha kukifula.