Mulima Kwanza, Umeme Pili, Mashine Mwisho

Namna kooperative inaweza kuchagua na kutunza vyombo vya intaneti bila waya

Mama prezidente wa kooperative moja ya kahawa, kando ya ziwa Kivu, alituonyesha mufuko. Ndani hamukuwa kahawa. Mulikuwa redio ine nyeupe za intaneti, ruta mbili na kipande cha waya kilichoungua. Vyote vilikufa usiku mumoja wa radi, miezi mitano tu kisha kuwekwa. Feza za kuvinunua zilitoka katika akiba ya wamemba, ile waliyoweka ili kununua mashine ya pili ya kumenya kahawa.

Alituuliza kama waliuziwa vyombo vibaya. Tulivitazama kimoja kimoja. Vyombo vilikuwa vizuri. Lakini hakukuwa waya wa kupeleka radi katika udongo, betri ilikuwa ya gari, na kijana aliyefunga mitambo alikuwa amehamia mujini pamoja na maneno yote ya siri kichwani mwake.

Ndugu wakulima, kooperative nyingi zinatuuliza siku hizi: tununue mashine gani ili tuwe na intaneti yetu na kuwagawia wamemba? Swali ni zuri, lakini mashine ni jambo la mwisho. Tufuate kazi hatua kwa hatua.

Intaneti itafanya kazi gani?

Kaeni katika mukutano na muandike. Stasio ya kuoshea kahawa inataka kutuma kilo za kila siku katika ofisi? Mukaguzi wa bio anaomba picha za mashamba? Wamemba wanataka kujua bei kabla mununuzi hajafika na mizani yake? Watoto wa shule je? Kazi hizi nyingi ni nyepesi. Kutuma ujumbe na hesabu za kilo kunataka ishara kidogo sana. Video ndiyo inayokula.

Tuseme munanunua megabiti 10 kwa sekunde. Video moja ya kawaida katika simu inaweza kuchukua megabiti 1 ao zaidi. Watu 8 ao 10 wakitazama mupira kwa wakati mumoja, karani wa stasio hataweza kutuma hata karatasi moja. Kwa hiyo muchague ruta inayoweza kugawanya: ofisi na mizani zipite mbele, kisha kila memba awe na kipimo chake. Ruta ndogo za MikroTik, kwa mufano, zinafanya kazi hiyo. Ruta ya kawaida ya nyumbani mara nyingi haiwezi, na ugomvi wa wamemba utaanza siku ya kwanza.

Mulima kwanza

Intaneti inatoka mahali fulani: kwa muuzaji mukubwa wa mujini, ao kwa satelaiti. Kutoka mujini, inasafiri hewani kati ya redio mbili zinazotazamana. Neno kubwa hapo ni kutazamana. Ishara ya gigahertzi 5, inayotumiwa zaidi kwa safari ya mbali, haipiti katika mulima, na inachoka sana katika majani yenye maji ya mugomba ao mukalitusi.

Tena ishara si nyembamba kama uzi. Inanenepa katikati ya njia kama papai refu. Kwa njia ya kilometa 5, katikati inanenepa metre 8 hivi kila upande. Kwa kilometa 10, metre 11 hivi. Si lazima nafasi yote iwe wazi, lakini zaidi ya nusu iwe wazi: metre 5 kwa ile njia ya kwanza, metre 7 kwa ya pili. Kwa hiyo kuona mulima wa pili kati ya matawi hakutoshi.

Kupima hakuombi feza nyingi. Mutu mumoja apande kila mulima siku ya jua, na kioo mukononi. Mwanga wa kioo ukionekana upande wa pili, njia ya macho iko. Kisha mutazame kilicho katikati, na muulize mwenye shamba kama amepanda mikalitusi. Muti huo unakua haraka. Njia iliyo wazi leo inaweza kufungwa kisha misimu michache. Afazali kupatana naye sasa.

Kwetu kando ya Kivu, njia nyingi zinavuka ziwa, kwenda Idjwi ao kutoka ufuko mumoja kwenda mwingine. Maji hayazibi, lakini yanarudisha ishara kama kioo. Ishara iliyogonga maji inafika imechelewa kidogo na inasumbua ile iliyokuja moja kwa moja. Rezo inakuwa nzuri asubuhi na mbaya saa tisa, bila kitu kuharibika. Mutumie parabola inayokusanya ishara katika njia nyembamba, na mupime siku kadhaa kwa saa mbalimbali mbele ya kulipa deni lote la fundi.

Umeme pili

Juu ya mulima hakuna kampuni ya umeme. Kuna jua, betri, na hesabu. Hesabu yenyewe ni hii.

Redio mbili na ruta moja ndogo, pamoja, zinaweza kula wati 20. Zinafanya kazi saa 24, basi siku moja ni 20 mara 24, yaani wati-saa 480. Tuseme jua la nguvu linapatikana saa 4 kwa siku, na kwamba karibu tatu ya kumi ya umeme unapotea katika nyaya, joto na betri. Gawanya 480 kwa 4, kisha kwa 0,7. Unapata wati 171. Nunua pano ya wati 200.

Sasa betri. Mawingu ya muvua yanaweza kukaa siku mbili, basi tunahitaji wati-saa 960. Betri ya asidi haipendi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo inunuliwe yenye mara mbili: 1 920. Kwa volti 12, hiyo ni amperi-saa 160. Betri ya litiamu ya aina ya fosfati ya chuma inaweza kutoa mpaka asilimia 80 ya umeme wake, basi amperi-saa 100 zinatosha. Inauzwa bei ya juu, lakini inaishi miaka mingi zaidi. Betri ya gari imetengenezwa ili kuwasha motere mara moja, si kutoa umeme kidogo kidogo usiku kucha. Mukiitumia, itakufa haraka.

Shauri lingine: musitumie mashine ya kugeuza umeme wa betri kuwa wa volti 220 ili tu kuchomeka vichwa vidogo vya redio. Mashine hiyo inakula umeme wake yenyewe mchana na usiku. Redio hizi zinapokea umeme wa betri kupitia waya wa rezo wenyewe. Lakini msome volti zilizoandikwa kwenye kila chombo. Kuna za volti 24, kuna za 48. Kuweka 48 katika chombo cha 24 ni kukiua.

Radi: adui wetu mukubwa

Wataalamu waliohesabu miali ya radi kwa satelaiti, kwa miaka 1998 mpaka 2013, waliona kwamba katika Afrika nzima mahali penye radi zaidi ni pande za Kabare: miali zaidi ya 200 kwa kila kilometa mraba kwa mwaka. Duniani ni ziwa Maracaibo la Venezuela tu lililopita hapo. Yale yanayotosha kwingine hayatoshi kwetu.

Radi ikipiga mutambo moja kwa moja, hakuna dawa ya kuokoa kila kitu. Lakini mara nyingi inapiga karibu, na nguvu inayoingia katika nyaya ndiyo inayoua. Hapo munaweza kujikinga:

– Nguzo ya antena ifungwe kwa waya munene wa shaba, mufupi na ulionyooka, mpaka fimbo ya shaba iliyozikwa katika udongo wenye unyevu. Udongo wa mawe makavu haumezi radi vizuri.

– Waya wa rezo uwe wa nje, mweusi, wenye ngozi ya chuma ndani. Waya wa ndani ya nyumba unapasuka kwa jua.

– Kikinga-radi kiwekwe kila mwisho wa waya huo, na kifungwe katika fimbo ileile. Kisicho na waya wa udongo ni kipambo tu.

– Mbele ya kuingia ndani, waya ushuke kidogo kisha upande, ili maji ya muvua yadondoke inje na yasifuate waya mpaka katika ruta.

– Kati ya depo na ofisi, musivute waya mrefu hewani. Redio mbili ndogo zinatenganisha nyumba hizo, na radi ya huku haifiki kule.

Na sheria moja isiyo na mjadala: mawingu yakianza kunguruma, hakuna mutu anayepanda nguzo. Redio inanunuliwa tena. Mutu hanunuliwi.

Sasa, mashine

Kwa njia ndefu kati ya milima miwili, mutafute parabola ndogo yenye redio ndani yake, kama LiteBeam ya Ubiquiti ao LHG ya MikroTik. Redio mbili zinazotazamana ziwe za aina moja, maana kila kampuni iko na lugha yake. Ili kugawia vijiji vilivyotawanyika chini ya mulima, antena ya sektori inafungua mwanga wake kama feni, digri 90 ao 120. Karibu na watu, wifi ya gigahertzi 2,4 ndiyo inayofaa, sababu simu zote zinaielewa.

Musivutwe na maneno ya karatoni kama «kilometa 20». Hizo ni kilometa za mahali pasipo muti wala mulima. Na mukihitaji redio mbili, munue tatu. Ile ya tatu ikae katika depo, imekwisha kutayarishwa. Siku moja ya kahawa iliyoiva bila mawasiliano inaweza kuzidi bei yake.

Ruhusa na majirani

Sheria ya 25 Novemba 2020 ndiyo inayoongoza mawasiliano katika inchi yetu, na ARPTC ndiyo inayosimamia. Kutumia redio kati ya depo na ofisi zenu ni jambo moja; kuuza intaneti kwa watu ni jambo lingine. Muulize ARPTC mbele ya kuuza, na musome mapatano na muuzaji wenu, sababu wengine wanakataza kuuza tena.

Tena antena mupya juu ya mulima inaleta maswali, hasa kwetu ambako usalama ni mudogo. Chefu wa kijiji, chefu wa grupema na wakubwa wa usalama wajue mapema ni ya nani na inafanya nini. Karatasi zenye mihuri zikae karibu na mulinzi.

Nani atalipa betri ya kesho?

Rezo nyingi ndogo zinakufa siku betri inapochoka na sanduku likiwa tupu. Tufanye hesabu ya mufano. Bei za kwenu muweke wenyewe. Vyombo vyote ni dola 1 800, na tunataka kuvibadilisha kisha miaka 4: mutenge dola 38 kila mwezi. Intaneti ya mujini dola 100. Mulinzi wa mulima dola 20. Jumla ni dola 158. Jamaa 80 zikilipa dola 2 kwa mwezi, inatosha. Zikilipa 50 tu, muna shimo la dola 58, na ni betri itakayokosekana. Afazali kujua hivyo katika mukutano kuliko juu ya mulima.

Muchague watu wawili wa kufundishwa, si mumoja, na wote wawili wawe na mizizi kijijini. Maneno ya siri yaandikwe, yawekwe katika bahasha iliyofungwa, ndani ya sanduku la kooperative. Daftari moja ikae kwa mulinzi: tarehe, volti za betri asubuhi, pano imefutwa vumbi ao hapana, fimbo ya udongo imekazwa ao hapana.

Ile kooperative ya mufuko haijanunua redio zingine bado. Tulipoagana, wamemba walikuwa wanachimba shimo la fimbo ya shaba, mahali penye unyevu nyuma ya depo. Mama prezidente alisema mufuko utabaki katika ofisi, umening'inia ukutani, mpaka siku daftari itakapojaa mwaka muzima.