Nauli ya Gari la Abiria na Kipimo Chake

Watu wengi huku Ufipa hudhani ya kuwa nauli ni neno la utingo: akitaja shilingi 7,000, basi ni 7,000. Sivyo. Nauli ina kipimo chake, kama nguo ilivyo na dhiraa na mahindi yalivyo na debe. Na kipimo cha nauli ni kilomita.

Tangu mwaka 2019 kazi hii imo mikononi mwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iitwayo LATRA, iliyorithi kazi ya SUMATRA. Wenye mabasi wakitaka nauli ipande, hawana ruhusa kuipandisha wenyewe. Hupeleka maombi pamoja na hesabu zao za mafuta, matairi na mishahara. Wasafiri nao hupewa nafasi ya kutoa maoni. Kisha Mamlaka huamua.

Ndivyo ilivyokuwa mwezi wa Desemba 2023. Katika barabara ya lami, nauli ya abiria mmoja kwa kilomita moja ilitoka shilingi 41.29 ikawa 48.47 kwa basi la daraja la kawaida, na kwa daraja la kati ilitoka 56.88 ikawa 67.84.

Haya, tufanye hesabu. Toka Laela mpaka Sumbawanga ni kilomita 95 hivi. Zidisha 95 kwa 48.47, utapata shilingi 4,604 na senti. Basi kwa kipimo cha mwaka ule, aliyetozwa 7,000 katika basi la kawaida alipunjwa karibu shilingi 2,400. Njia ya vumbi ina kipimo chake mbali. Kwa hiyo mtu atokaye Mwimbi na aulize kwanza njia yake ina lami kiasi gani.

Tena fahamu ya kuwa kiasi hicho ni kikomo. Mwenye gari aweza kutoza pungufu, wala si kosa. Kuzidisha ndiko kosa, hata siku za sikukuu, watu wamejaa stendi.

Kipimo hubadilika, basi uliza kilichopo kabla ya kusafiri. Wala usitoe fedha bila kupewa tikiti iliyoandikwa kiasi ulicholipa na safari yako. Asiye na tikiti hana shahidi; aliye nayo aweza kupeleka mashtaka yake LATRA. Fedha ya mkulima hutoka jembeni. Haifai ipotee mlangoni mwa gari kwa kukosa hesabu.